Mama wa mu Photo

— Mama, niko natafuta mama wa mu photo hii.

Mteja alinyoosha simu. Victorine Mapalo alipangusa mikono kwenye kitenge chake, akaangalia. Beseni lilikuwa lake, lile la bluu lenye ufa. Samaki wakavu walikuwa wake, walioshuka na lori kutoka Pweto, kule ziwani. Meza yake, hapa hapa soko la Kenya, mtaa wa Lubumbashi. Lakini aliyesimama nyuma ya meza, kucha ndefu nyekundu, samaki kamshika mkia kwa vidole viwili kama kaokota panya, alikuwa Princesse, binti wa kupigwa picha za matangazo.

— Huyu iko wapi?

— Haiko hapa. Mwenye samaki njo miye.

Mteja alimtazama juu hadi chini.

— Nitarudia, akasema, akaenda zake.

Picha ilitoka kwenye ukurasa wa Gauthier Kabwe, kijana anayetangaza mtandaoni biashara ndogondogo za Lubumbashi: saluni, viatu, kuku wa kuchoma. Na Gauthier huyo ndiye mchumba wa Victorine. Wahenga walisema chema chajiuza, lakini wahenga hawakuwa na Facebook, kwa hiyo Victorine alimwomba amtangazie. Alipigwa picha mwenyewe, kavaa kitenge kipya; Princesse alisimama nyuma ya meza kidogo tu, eti kupima mwanga. Sasa ziko wapi?

Akapiga simu.

— Gauthier, ba photo zangu ziko wapi?

— Chérie, usikasirike. Princesse bantu mingi banamufuata. Ni marketing tu.

— Na sura yangu?

— Uko muzuri, lakini page iko na image yake. Ba clients banapenda bintu ya classe, ya hadhi, quoi.

— Mu page yako kuna fasi hata moja uliandika kama miye ni fiancée yako?

Gauthier akakohoa.

— Gauthier, samaki njo inanuka, ao ni miye?

— Victorine, sikia...

— Photo ni yako, bakia nayo. Samaki ni yangu.

Akakata. Machozi yalikuja, akayafuta kwa mkono wenye chumvi, macho yakawasha zaidi. Alimpenda mwanaume yule, ndiyo maana iliuma.

— Simone! akamwita jirani yake muuza nyanya. Kamata telefone yangu. Tunafanya live mu Facebook.

— Sasa hivi? Hata haujachana nywele!

— Samaki nayo haijachana.

Victorine alinyanyua samaki mkubwa kwa mikono miwili, kama mtoto wa kubatizwa.

— Bandugu, muniangalie muzuri. Miye ni Victorine Mapalo. Samaki hii ni ya kwetu Pweto. Mama yangu anaikausha, miye nauzisha. Ule mwenye munaonaka mu photo hajue hata kama iko na miba!

Maoni yakamiminika. Simone alikuwa akiyasoma kwa sauti, roho yake kwatu.

— "Kumbe njo weye patronne, mwenye meza!" "Uniwekee mafungu mbili, mama." Eh, huyu anauliza: "Uko na bwana?"

Victorine akaiangalia simu moja kwa moja.

— Niko na fiancé. Namupenda sana. Lakini anasikia haya ya kunionesha. Siku haya itamuisha, mutamuona hapa.

Simu ikatetemeka mkononi mwa Simone. Ujumbe wa Gauthier: "Niko nakuangalia. Nakuya."

Alifika na pikipiki, shati jeupe pee, anahema.

— Victorine, tuongee pembeni.

— Pembeni njo fasi uliniweka tangu zamani. Ongea hapa.

Gauthier aliitazama simu, bado iko live. Jasho likamtoka. Kisha akalinyanyua beseni la samaki, akalikumbatia kifuani, shati jeupe likachafuka.

— Miye ni Gauthier Kabwe. Nilikosa. Niliogopa bantu banicheke, juu bibi yangu wa kesho anauzisha samaki. Kumbe classe njo huyu. Unisamehe, Victorine. Leo nitaweka sura yako mu page.

— Sura yangu nimeiweka miye mwenyewe.

— Sasa unataka nini?

— Photo unaweza kuifuta. Miye nataka bazee yako bafike kwetu kuniposa, na padiri asome majina yetu mu kanisa, bantu bote basikie.

— Nitafanya, Victorine. Naapa.

— Basi usiangushe beseni yangu.

Soko zima likacheka, na Victorine akacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Wazee walifika kweli, wakala samaki hadi nusura wasahau walichofuata. Na Jumapili, padiri aliposoma tangazo la ndoa, "Gauthier Kabwe na Victorine Mapalo", vichwa viligeuka benchi zima. Gauthier akasimama, ingawa hakuna aliyemwambia asimame, akamshika mchumba wake mkono. Victorine aliinua shingo. Alijivunia jina lake, samaki wake, na hata huyu mpumbavu wake aliyejirudi.

Kesho yake mama mmoja mgeni alisimama mbele ya meza, simu mkononi.

— Niko natafuta mama wa mu photo hii.

Kwenye kioo cha simu, katika picha ya live ile, alikuwa Victorine, nywele hazijachanwa, samaki mikononi, na ubavuni mwake mwanaume mwenye shati lililochafuka.

— Njo miye, alisema. Na huyu wa shati ya buchafu ni bwana yangu wa kesho. Nikuwekee samaki ngapi?