Askari wa Ubavuni

"Usimguse mnunuzi mpaka muuzaji ajitokeze. Umenielewa, Mwiba?"

"Nimekuelewa, Mkuu."

Mwiba alinong'onea kifungo cha aproni yake ya mhudumu. Ndani ya kifungo mlikuwa na maikrofoni, na sikioni spika ndogo. Chini ya sinia la kahawa alibana bastola, Bereta.

Mtu alikuwa ameiba ramani za mitambo ya umeme wa nchi nzima, akazitia kwenye kadi ndogo kama ukucha. Leo anaiuza humu hotelini. Mnunuzi walimjua: yule mwanamke wa glavu nyeusi. Muuzaji hawakumjua. Ili mwanamke asiondoke mapema, Mkuu alimpanga jasusi mwingine, Kobe, acheze naye sataranji.

Kobe ni mume wa Mwiba.

Kobe akaanza. Akasogeza askari wa ubavuni, ile kete ndogo ya ukingoni mwa ubao.

Moyo wa Mwiba ukafanya paa. Wengi huanzia katikati. Huku kuanzia ubavuni mume alimfundisha yeye, siku za fungate, akamwambia huu ni mchezo wetu wawili. Kumbe leo anamchezea huyu mwenye glavu na wanja.

Mwenye wanja akajibu upesi, kama aliyezoea. Kisha akanyoosha kidole, akamweka sawa farasi wa Kobe.

Kobe akatabasamu.

Nyumbani Mwiba akipumua tu karibu na kete za bwana huyu, hupewa hotuba mpaka chakula kipoe.

Wivu ukampanda. Macho hayakubanduka.

Mwanamke akamla yule askari wa ubavuni. Kete iliyoliwa huwekwa kando ya ubao. Hii ilibaki kiganjani, ikaanza kwenda mkobani.

"Mkuu, muuzaji kafika."

"Yukoje?"

"Kavaa shati nililolipiga pasi mimi asubuhi."

"Pole, mwanangu. Kamata."

Sinia likaruka. Kahawa ikamwagikia glavu. Bereta ikamtazama Kobe kifuani.

"Mikono mezani, shoga. Na wewe, baba."

Mwiba akaichukua ile kete, akaizungusha kichwa. Kadi ikadondoka.

"Mke wangu, nisikilize kwanza..."

"Si wewe husema aliyegusa kete lazima aicheze? Umeshagusa."

Vijana wa Mkuu wakaingia na pingu. Mwiba akamgeuza farasi, akamtazamisha alikokuwa akitazama mwanzo. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akaenda zake.

Mlangoni akamwambia kijana aliyemfunga Kobe pingu:

"Shati hilo mkilivua, taratibu. Vifungo nimeshona mimi."