Bolti Isiyokazwa

Kila Jumamosi asubuhi Albina aliteka maji, akafagia ua, kisha akamnawisha mama yake kitandani. Tangu mama ateleze na kuumia mgongo, nyumba yao ya Miburani ilikuwa imepoa. Kumpeleka hospitali Kilindoni kulikuwa mateso. Gari lao kuukuu lilirukaruka kwenye kila shimo, na mama alilia njia nzima.

Jumamosi hiyo baba yake, Isdory, mtumishi wa hifadhi ya bahari, aliamua kubadilisha shokapu na bushi zilizokwisha, vile vipira vinavyopunguza mtikisiko. Walipandisha gari kwa jeki, wakalikalisha juu ya magogo, wakahangaika nalo mpaka alasiri, mawingu yametanda. Ndipo wakalishusha.

"Bushi hukazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake," baba alisema. "Zimebaki bolti mbili. Kaza mpaka spana igome. Mimi naenda kumgeuza mama."

Albina alijilaza mchangani, akaikaza ya kwanza. Mara akasikia ukelele wa mama ukitokea dirishani. Hakuweza kuvumilia. Aliitupa spana, akakimbilia nyuma ya nyumba na kuziba masikio.

"Umezikaza zote?" baba alimwuliza baadaye.

"Ndiyo, baba."

Jumatatu walisafiri kwenda hospitali, jirani yao Bi Kidawa akiwa amemshikilia mama. Gari lilitulia kweli. Mama hata alisinzia, lakini Albina alitega sikio chini ya gari. Mara ikasikika, ko, ko, ko.

"Labda jiwe," baba alisema.

"Baba, simama! Bolti moja sikuikaza. Nilikudanganya."

Baba alisimamisha gari taratibu, akaingia uvunguni. Alipotoka, uso wake ulikuwa umesawijika.

"Ilibaki kidogo tu ichomoke," alisema. Akampa Albina spana. Albina aliikaza huku machozi yakimchuruzika, mpaka ikagoma.

Hospitalini daktari alisema mama atalazwa kwa muda mrefu. Barazani, baba alisema kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, kumhurumia mama si kosa. Hata mimi nilitaka kukimbia. Ungeniambia umeshindwa, ningemalizia mwenyewe. Lakini ukisema kazi imekwisha nayo haijakwisha, unamfungia mlango mtu ambaye angekusaidia. Shida iliyosemwa hupata wa kuishughulikia."

"Nimekuelewa, baba. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini aliyekuwa amelala kiti cha nyuma ni mama yako. Naye mwombe radhi."

Albina aliinuka, akajifuta uso, akaingia wodini kumweleza mama yote.