Mkono wa Chiriku

Kila alasiri vipindi vya chuo vilipomalizika, Dada Pole alipanda ngazi za hospitali hadi wodi ya watoto, akanawa mikono, akaanza kazi. Hakuwa daktari wala muuguzi. Alikuwa mwanafunzi wa ualimu, mwaka wa pili, aliyetoka nchi ya mbali kuja kusoma, na kazi ya wodini hakulipwa hata senti moja. Alijitolea tu. Aliwasomea watoto hadithi, aliwalisha wasioweza kushika kijiko, na aliwatafutia ndara ambazo siku zote zilionekana chini ya kitanda cha mtu mwingine.

Jina lile alipewa na watoto wenyewe. Lugha ya wenyeji alikuwa bado anajifunza, na neno lililomkaa mdomoni kuliko yote lilikuwa hilo. Aliyechomwa sindano alipewa pole, muuguzi aliyebeba ndoo alipewa pole, na siku moja alijigonga kwenye kitanda, akakipa pole kitanda. Wodi nzima ilicheka mpaka mtoto mwenye mguu wa plasta akaomba wanyamaze, maana kicheko kilikuwa kinamtikisa mguu.

Aliyecheka zaidi alikuwa Chiriku. Huyu alikuwa na miaka kumi, alilala kitanda cha dirishani, na jina lake lilimfaa. Aliongea akila, aliongea akipigwa mswaki, na wauguzi waliapa kwamba hata usingizini alikuwa na la kusema. Sufuria ya maji ya moto ilikuwa imempindukia jikoni kwao ikamuunguza mkono wa kulia. Mfanyausafi wa wodi alipenda kusema kwamba mkono ndio ulioungua, mdomo ulitoka salama salimini.

Wawili hawa walipendana haraka. Dada Pole alikaa peke yake katika chumba cha kupanga, na jioni nyingi hakuwa na mtu wa kumuuliza hata kama amekula. Lakini akisukuma tu mlango wa wodi, sauti ilipaa kutoka dirishani kwamba Dada amekuja, sogeeni, Dada amekuja. Wakati ule alijisikia yuko kwao. Ukiwa ugenini utaelewa kwa nini jambo hilo lilikuwa kubwa kwake.

Vidonda vya Chiriku vilikuwa vimefunga, ila kazi haikuwa imekwisha. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mnene mwenye sauti nzito ambaye watoto walimwita Mama Nyoosha, alimweleza Dada Pole kwamba ngozi mpya ya mahali palipoungua hunywea kama kitambaa kipya kilichofuliwa. Usipoivuta kila siku, inavikunja vidole mpaka mkono unabaki ngumi, na hapo hakuna dawa ila kisu cha daktari. Kwa hiyo kila siku mkono ulipakwa mafuta, ukasingwa, kisha kidole kimoja kimoja kikanyooshwa taratibu, na mwisho kiganja kikalazwa juu ya meza. Inauma, Mama Nyoosha alisema. Inauma, lakini haidhuru.

Dada Pole alifundishwa akafundishika. Basi Mama Nyoosha alipotumwa kwenda kusaidia hospitali nyingine kwa wiki mbili, hakuwa na wasiwasi. Wauguzi walikuwa na vidonda vingi vya kufunga, hivyo mazoezi ya Chiriku yaliachwa mikononi mwa Dada Pole, na kila jioni Mama Nyoosha angepiga simu kuuliza maendeleo.

Siku ya kwanza Dada Pole alipaka mafuta, akakishika kidole gumba, akavuta. Chiriku alilia. Akakishika cha pili, kilio kikapanda, na mtoto akamtazama kwa macho yaliyojaa machozi.

"Dada, kwani mimi nimekukosea nini?"

Dada Pole aliachia kidole. Kwa Mama Nyoosha Chiriku alilia pia, tena sana, lakini hakuwahi kumuuliza swali kama hilo. Dada Pole aliogopa. Aliogopa kwamba kesho akisukuma mlango hakutakuwa na sauti ya kumpokea. Akaufunika mkono kwa shuka, akamwambia Chiriku kwamba leo yametosha, na kwamba yeye hatamuumiza tena. Wakapiga soga mpaka jioni, kuhusu mbuzi wa mjomba wa Dada Pole aliyekuwa na tabia ya kupanda juu ya paa.

Simu ilipolia, Mama Nyoosha aliuliza kama wamefanya.

"Tumefanya," Dada Pole alijibu, na Chiriku naye akadakia kutoka kitandani kwamba wamefanya, tena vyote vitano.

Uongo wa kwanza ndio mgumu. Kesho yake walipaka mafuta tu. Keshokutwa hata mafuta waliyasahau. Mbuzi wa mjomba alipanda paa, akashuka, akapanda tena, na kila jioni simu ilijibiwa vilevile. Chiriku alikuwa na furaha tele. Dada Pole pia alikuwa na furaha, au ndivyo alivyojiambia, ila alianza kuepa kuutazama ule mkono.

Jumapili alikuja baba yake Chiriku. Alikuwa fundi cherehani, mtu mpole mwenye vipande vya uzi kwenye suruali saa zote, na safari hii alileta shati jipya la shule alilomshonea bintiye kwa ajili ya siku ya kurudi darasani. Akamvalisha juu ya nguo za hospitali, akarudi nyuma hatua mbili kama afanyavyo kwa wateja wake, akamwomba afunge vifungo amwone.

Chiriku alijaribu. Mkono wa kushoto ulishika shati, wa kulia ukaenda kwenye kifungo, na kifungo kikateleza. Akajaribu tena. Vidole vilikuwa vimejikunja, havifunguki wala havishiki. Akakaa kimya, na Chiriku kukaa kimya ni habari.

Baba mtu alicheka kidogo ili amwondolee aibu, akavifunga mwenyewe. Kisha akamgeukia Dada Pole, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili.

"Binti yangu, wewe umekuja kusoma kwa watu, ukatukuta sisi na shida zetu. Kila siku unamnyoosha mwanangu mkono, na mama yake hayupo duniani wa kukushukuru. Mimi sina cha kukulipa ila dua."

Heri angemtukana. Dada Pole aliitikia kwa kichwa tu. Baba alipoondoka, aliuchukua mkono wa Chiriku akaulaza juu ya meza. Haukulala. Kiganja kilisimama, na chini yake pangepita yai.

Alitoka nje ya wodi, akasimama kwenye korido. Wazo la kwanza lilimwambia aanze leo, avute kwa nguvu, afidie siku zote zilizopotea, na hakuna atakayejua. Lakini hakujua ngozi ile inaweza kuvumilia nini. Akikosea itachanika, na mkono wa kulipia kosa hautakuwa wake. Kusema kweli nako kulikuwa na bei. Mama Nyoosha atamfukuza, na Chiriku hatamtaka tena. Alisimama pale mpaka mfanyausafi akampitia mara mbili na fagio. Mwishowe akapiga simu.

"Mama, nilikudanganya. Hatukufanya."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Mama Nyoosha hakupandisha sauti. Aliuliza kiganja kimeinuka kiasi gani kutoka mezani, kama ngozi ina nyufa, kama kidole gumba bado kinagusa cha shahada. Kisha akasema asiuguse mkono mpaka yeye afike, na akakata simu.

Asubuhi alifika na basi la kwanza, hali kazi aliyotumwa ilikuwa haijaisha. Aliupima mkono wa Chiriku kwa muda mrefu, halafu akamwita koridoni Dada Pole, ambaye siku hiyo hakwenda chuoni. Dada Pole alikuwa tayari ameshavua kitambulisho chake cha kujitolea, akamkabidhi. Mama Nyoosha alikitazama, hakukipokea.

"Ungeniambia kwamba mtoto analia na wewe umeshindwa, ningekuambia la kufanya. Uliponiambia mmefanya, ulinifumba macho. Sijakasirikia huruma yako. Nimekasirikia huo uongo."

Dada Pole alilia, akauliza kama mkono umeharibika. Mama Nyoosha akasema bado, ila wamechelewa, na sasa itauma kuliko mwanzo. Kama wangeendelea hivyo mwezi mzima, wangekuwa wanazungumza na daktari wa upasuaji.

"Rudisha hicho kitambulisho shingoni," aliongeza. "Ukiondoka leo, atajifunza kwamba anayempenda humkimbia akianza kulia. Tutamnyoosha pamoja, mpaka uweze peke yako."

Kumwambia Chiriku kulikuwa kugumu kuliko kumwambia Mama Nyoosha. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisema hutaniumiza."

"Nilisema, na haikuwa kweli," Dada Pole alimjibu. "Itauma, Chiriku. Ukitaka kulia, lia. Mimi nitakuwa hapa mpaka tumalize."

Chiriku akamgeuzia kisogo. Mazoezi yalianza siku ileile, na kwa siku kadhaa zilizofuata Chiriku alitoa mkono, akalia, akaurudisha, bila neno hata moja kwa Dada Pole. Kwa wengine aliongea. Aliongea na mfanyausafi, aliongea na mwenye plasta, alimsalimia hata mwanamume aliyekuja kubadilisha taa. Dada Pole akisukuma mlango, palikuwa kimya. Lile aliloliogopa lilikuwa limemkuta, na lilimuuma vilevile alivyodhani. Hata hivyo alinawa mikono kila siku, akapaka mafuta, akavuta.

Siku moja walifikia kidole cha kati, ambacho kilikuwa kikaidi kuliko vyote. Chiriku alipiga ukelele. Dada Pole hakuachia. Alishika vilevile, taratibu, lakini machozi yakaanza kumtiririka mpaka kidevuni, na kwa kuwa mikono ilikuwa na mafuta hakuweza kuyafuta. Chiriku alimtazama, kilio kikamkatika kwa mshangao.

"Sasa wewe unalia nini? Mkono ni wako?"

Mtoto wa plasta ndiye aliyeanza kucheka. Kisha Mama Nyoosha, kisha Dada Pole, na mwisho Chiriku mwenyewe, kamasi na machozi pamoja, akamfuta Dada shavu kwa mkono wake wa kushoto. Kidole cha kati kilikuwa bado kimeshikwa, kimenyooka, na hakuna aliyekumbuka kukiachia.

Tangu siku hiyo waliweka utaratibu wao. Kidole kikinyooka, hadithi ya mbuzi inaendelea. Kidole kikijikunja, hadithi inasimama hapohapo, hata kama mbuzi ana mguu mmoja hewani na mjomba amekwishapanda ngazi. Chiriku alilalamika kwamba huo ni uonevu mtupu, kwamba Dada anakatisha penye utamu, na kwamba anavyosimulia polepole mbuzi huyo atakufa kwa uzee kabla hajashuka. Lakini vidole alivinyoosha mwenyewe, akiuma meno, ili asikie mwisho. Alilia siku nyingi. Wakati mwingine walifanya vidole vitatu tu, na Mama Nyoosha alipouliza waliambiwa ni vitatu, naye akawaonyesha namna ya kuvibembeleza vile viwili.

Ilifika siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Baba mtu alisimama kando ya kitanda, kofia mkononi. Mama Nyoosha aliulaza mkono wa Chiriku mezani, akachukua rula, akajaribu kuipitisha chini ya kiganja. Haikupita. Akajaribu upande wa pili. Ikakwama. Kidole cha mwisho tu ndicho kilichobaki kimeinama kidogo, na Mama Nyoosha akasema wazi kwamba hicho kitachukua miezi, na mazoezi ni kila siku nyumbani.

Chiriku akakitazama kidole chake. "Hakina neno," akasema. "Kidole kimoja hakivunji chawa, nitawavunja na hivi vinne."

Baba yake alicheka, kisha akageuka kutazama ukuta. Dada Pole alikuwa amekwishamweleza kila kitu wiki zile za nyuma, uongo na yote. Siku ile fundi alikuwa amemwambia kwamba aliyekosa akasema ni mtu wa kukaa naye. Sasa alimshukuru mara ya pili, na safari hii Dada Pole aliweza kumtazama machoni. Chiriku alimuaga Dada Pole kwa mkono wa kulia. Alibana kwa nguvu zake zote, vidole vikamzunguka Dada mpaka vikamuuma, na Dada Pole hakutaka aachie.

Walipokwisha kuondoka, Mama Nyoosha alikunja shuka la kitanda cha dirishani.

"Wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe," alisema. "Ni kweli, ila mimi nimeona mengi humu ndani. Mwana naye hulia, tena baadaye, wakati hakuna awezaye kumsaidia. Mtoto ukimpenda, mwambie kweli, hata kweli inayouma. Kisha usiondoke."

Alasiri ile waliletewa mgonjwa mpya, msichana wa miaka minne aliyeungua mkono, akiwa amejificha shingoni kwa mama yake. Dada Pole alinawa mikono, akaenda akachuchumaa mbele yake. Mtoto alifungua jicho moja, akamuuliza kama itauma.

"Itauma," Dada Pole alimwambia, akavuta kiti, akaketi.