Chaguo la Kwanza la Tusekile

Kisomamwili kilimsimamisha mrushaji katikati ya ukumbi, ameumbwa kwa mwanga mtupu, kimo chake kilekile, jasho likimtiririka shingoni. Alirusha mpira. Kisha mwanga ukamvua ngozi, na watu wakaona misuli na mishipa ikijipinda polepole kuuzunguka mfupa wa kiwiko. Ukumbi mzima ulipiga makofi, isipokuwa Tusekile Mwakyambiki, mhandisi aliyekibuni chombo hicho. Mrushaji yule alikuwa Lusajo, mdogo wake wa tumbo moja.

Besiboli ilikuwa imeliteka jiji la Mbeya tangu viwanja vilipoanza kujengwa juu ya mapaa ya majengo marefu. Wasiojua kurusha wala kupiga walikuwa na mchezo wao, ligi ya kubuni. Kila mshiriki alijiundia timu kwa kuchagua wachezaji wa kweli kwa zamu, na walichofanya uwanjani kikawa alama zake. Aliyepata zamu ya kwanza alionewa wivu, na mwaka huo kura ilimwangukia Tusekile. Duru hiyo ya kuchagua ilirushwa moja kwa moja jiji zima.

Hakuna aliyekuwa na shaka angemchagua nani. Lusajo, mrushaji wa timu ya Radi, alikuwa hashikiki. Hata hivyo Tusekile alikiuliza chombo amchague nani kupitia kipaza sauti kidogo cha sikioni, kama washiriki wote walivyofanya. Kisomamwili hakikumgusa mtu. Kilitazama picha za mechi, kikalinganisha mitupo ya mchezaji na mitupo yake ya zamani, kikakadiria mwili wake utastahimili nini. Kilimweka Lusajo karibu na mkia wa orodha.

Tusekile alidhani kimechanganya majina. Akakiamuru kirudie. Kikarudia, jibu likawa lilelile. Akalaumu kamera za uwanjani, akalaumu mwanga wa jua, akakiamuru kitumie picha za mechi nyingine.

"Mshipa wa kiwiko cha kulia umechanika kwa ndani," kilisema chombo, kwa sauti tulivu aliyoichagua yeye mwenyewe na ambayo sasa aliichukia. "Anabadilisha mkao wa bega ili kukwepa maumivu. Mshipa utakatika kabla ya katikati ya msimu."

"Hajaniambia kama anaumwa."

"Sijui alichokuambia. Najua anavyorusha."

Akakiuliza mshipa huo ungestahimili mitupo mingapi zaidi. Kikamtajia.

Alitaka kumchagua Lusajo vilevile, potelea mbali alama. Lakini akimtaja huku anajua ukweli, itakuwaje siku mkono ukikatika mbele ya watu, na wao wanajua kwamba dada mtu alikuwa na chombo sikioni? Na akimruka, kila mtu atauliza sababu. Ambakisye, mwenyekiti wa ligi na rafiki yake tangu chuoni, alimwambia kwa upole kwamba wanamsubiri. Muda wa zamu ukaisha kabla Tusekile hajachagua.

Sheria ya kwamba anayechelewa achaguliwe mchezaji na chombo aliitunga yeye, ili duru isikwame.

"Chaguo la kwanza ni Gwakisa Kajuni, mpigaji," kilitangaza kisomamwili.

Minong'ono ikatambaa ukumbini. Zamu ya pili ilikuwa ya Ambakisye, ambaye wiki nzima alikuwa akitania kwamba anaomba Tusekile asahau kumchukua Lusajo. Akasikiliza chombo chake, akamtazama Tusekile, akachagua mtu mwingine. Wa tatu naye akafanya hivyo, na wa nne. Wote walikuwa na kifaa kimoja na jibu moja, na kila jina lililotajwa lilikuwa kama mlango unaofungwa.

Tusekile alitoka nje kwenye korido. Alitamani kupiga ukuta teke, akapiga. Aliumia kidole tu. Simu ikaita, ni Lusajo.

"Dada, umenifanya nini?" Hakupaza sauti. "Radi wamenipigia. Jumatatu napimwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini? Ungenikataza. Nilijua tangu mwaka jana. Nilitaka msimu mmoja tu, nimalize mwenyewe, kwa miguu yangu."

Tusekile alimsihi aende kutibiwa, akamweleza kwamba mshipa unaweza kushonwa, kwamba madaktari wa Radi huenda wakaona vingine. Lusajo alimjibu kwamba madaktari hao nao hutumia kisomamwili, na walioshonwa kiwiko aliwajua. Walirudi uwanjani wakiwa watu wengine.

"Kimesema nimebakiza mitupo mingapi?" Lusajo aliuliza.

"Usiniulize hivyo."

"Watu wasionijua wameshauliza. Mimi mwenye mkono nisiambiwe?"

Tusekile akaegemea ukuta, akamwambia.

Lusajo alicheka kidogo, bila furaha, kisha akataka kujua kama mipira ya mazoezi nayo imo katika hesabu hiyo. Akajibiwa kuwa imo.

"Jumamosi tuna mechi, na bado hawajaniondoa kikosini," alisema. "Basi kesho sifanyi mazoezi."

Akakata simu.