Vigingi vya Utepe Mwekundu

Je, umewahi kuona barabara zikipita moja juu ya nyingine, magari ya huku yakipita juu ya vichwa vya magari ya kule? Chiriku alikuwa akiziona zikijengwa kila siku. Akitoka shuleni alipitia kwenye lango la ujenzi kumsubiri mama yake, dereva wa rola la kushindilia udongo. Makutano yaliyozoeleka kwa foleni isiyokwisha yalikuwa yakigeuka ajabu ya mji. Msichana huyo aliitwa Chiriku kwa wingi wa maneno, na siku hizo maneno yote yalikuwa ya barabara za juu.

Yeye na mdogo wake walijenga za kwao uani, kwa matope. Zikawa zinabomoka tu. Basi jioni moja Chiriku akang'oa vigingi vichache vya utepe mwekundu vilivyochomekwa kando ya njia mpya. "Vijiti tu hivi," akajisemea. Nguzo zikapatikana, barabara ikasimama, watoto wa jirani wakaja kusukumana kuitazama.

Kesho yake alikuta rola limenyamaza. Mpimaji wa barabara alikuwa amesimama mbele ya mama, mikono kiunoni.

"Umevikanyaga vigingi vyangu, dada. Ukingo wa barabara nitaujuaje? Rola utampisha mwingine."

"Sijavigusa, fundi. Macho ninayo."

"Basi vimeota miguu."

 Chiriku akamtazama mama, jasho na vumbi usoni, akiteremka taratibu kutoka kwenye rola.

"Havijaota miguu," akasema. "Niliving'oa mimi. Viko uani kwetu, vimebeba barabara."

Mama akamkazia macho. "Kavilete. Mbio."

Alikimbia hadi kandambili moja ikabaki njiani. Aliporudi navyo, mpimaji alimwomba mama radhi, akaanza kupima upya, na mama akapanda tena kwenye rola lake. Jua lilipoinama, udongo ulikuwa umeanza kushindiliwa.

"Sikiliza, binti," mpimaji akasema. "Unachokiona kijiti, kwa mwenzako ni kazi nzima. Uliza kabla hujagusa. Ila umesema kweli mapema, mama yako hajapoteza kazi. Ungechelewa, ukweli wako usingemfaa mtu."

Mama akazima rola, akamgeukia Chiriku. "Na wewe ulikuwa unataka nini hasa?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Kujua magari yanapishanaje huko juu bila kugongana. Kila siku nataka kukuuliza, mama, lakini unatoka umechoka. Nilitaka unionyeshe wewe."