Kushuka kwa Gia ya Tatu

Garini walikuwamo watatu: rafiki yangu Norlida, aliyenisimulia haya, mumewe Hazwan, na mtoto wao mchanga Iman, aliyebanwa na pumu. Ilikuwa magharibi, ukungu umefunika mlima, nao walikuwa wakishuka kwenda hospitali ya Tapah, mji ulio chini ya mlima.

Gari la Hazwan la mbio lilikuwa na ugonjwa wake. Kila akibadilisha gia na kukanyaga mafuta, injini ilinyamaza kidogo kabla ya kushika tena.

"Abang," Norlida akamwambia, kama wake wa kwao wanavyowaita waume zao, "wiki nzima umelala chini ya hili gari badala ya kitandani. Umetengeneza nini?"

"Nimebadilisha plagi, nimesafisha njia ya hewa! Sijui tena, mke wangu."

Akaingiza gia ya pili. Injini ikanyamaza. Kifuani mwa Norlida, mtoto naye akanyamaza. Injini iliposhika, mtoto akavuta pumzi. Gia ya tatu, vilevile.

"Usibadilishe tena! Abang, nakuomba!"

Wakashuka mlima wote kwa gia ya tatu, injini ikilia gizani. Mlangoni pa hospitali muuguzi akamfunika mtoto kwa sweta lake mwenyewe, akasema kwa upole, "Zima gari, kaka."

Hazwan alipoanza kuzungusha ufunguo, injini ikalegea, na mtoto akanyamaza. Akaurudisha haraka.

Iman sasa anatembea. Gari liko mbele ya nyumba yao, linanguruma usiku na mchana, na majirani hupokezana kuleta petroli.