Bustani Iliyokaa Kwenye Kompyuta za Watu

Kila asubuhi, kabla cherehani haijaanza kelele zake, Mama Pindo huingia bustanini. Bustani yenyewe ni mchezo wa simu. Huko mawingu hupita chini chini, karibu yaguse nywele, na maua huimba ukiyakanyaga kwa bahati mbaya.

Mama Pindo ni fundi wa nguo. Mdogo wake ni muuguzi, yuko nchi ya mbali. Huyu akiamka, yule analala. Kwa hiyo huachiana maneno chini ya majani ya bustani. Unafunua jani, unasoma: "Dada, leo nimemkumbuka mama, nikacheka peke yangu wodini."

Siku moja tangazo likaelea katikati ya mawingu. "Mchezo utafungwa mwisho wa mwezi. Asanteni kwa kuota pamoja nasi." Chini yake pakang'aa: "Nunua sarafu za dhahabu, bei poa!"

Mama Pindo akachomeka simu kwenye chaji. Akaifunika kwa kitambaa cha bitana, akapiga marufuku mtu kuizima.

"Simu ikiwa macho, hawawezi kufunga," akasema.

"Makubwa!" mumewe akacheka. "Mke wangu analea simu. Itaanza kutambaa lini?"

Kufika jioni, simu ilikuwa ya moto kama pasi. Mama Pindo akaikimbiza kwa jirani yake, fundi wa simu, mwanamke anayeitwa Bisibisi.

"Shoga, huyu ana homa, au umemvalisha koti?" Bisibisi akauliza.

Mama Pindo akaeleza, machozi yakimlengalenga. "Maneno ya mdogo wangu yote yamo humu."

"Hayamo humu," Bisibisi akasema kwa upole. "Simu ni dirisha tu. Bustani iko kwenye kompyuta za kampuni. Wakizizima, unabaki na dirisha."

"Lakini nyumba ya humo bustanini nilinunua! Hata bembea!"

"Ulilipia ruhusa ya kuingia. Ndivyo yanavyosema yale masharti marefu uliyoyabonyezea 'nakubali'."

"Nani anayasoma yale?"

"Hata mimi sikuyasoma. Nilinunua farasi mwenye mabawa. Mchezo ukafungwa, farasi akapaa na hela zangu."

Wakacheka wote wawili. Kisha Bisibisi akavuta kiti.

"Sasa sikiliza. Usinunue sarafu nyingine. Kama wanakukata malipo kila mwezi, yasimamishe leo. Sarafu ambazo hujatumia, dai urudishiwe hela zake. Wanaweza kukataa, lakini dai. Na maneno yenu ni taarifa zenu. Nchi nyingi zina sheria inayokupa haki ya kuomba nakala. Waandikie kabla hawajafunga. Mdogo wako naye aandike kwa jina lake. Wakikaa kimya, washtaki kwenye mamlaka ya serikali ya kulinda taarifa za watu."

"Na wakichelewa?"

"Usiwangoje. Piga picha kila jani."

Mama Pindo akaandika. Kisha akaingia bustanini na kufunua majani, moja moja, polepole, kama anayefungua mishono ya gauni la zamani. Mengine alikuwa ameyasahau. Mumewe alikaa kando akisomewa, na utani ukamwishia.

Kampuni ilijibu kwa salamu tamu zisizo na kitu.

"Andika tena," Bisibisi akasema.

"Naandika. Mteja akirudisha gauni mara ya pili, mimi mwenyewe najua huyu hanyamazi."

Safari hii faili likaja, maneno yote ndani yake. Hela za sarafu walikataa kurudisha. Mama Pindo akajiunga na wachezaji wenzake wanaodai kampuni zikifunga mchezo ziache nakala inayochezeka bila kompyuta zao. Hilo bado wanalipigania.

Siku ya mwisho mdogo wake aliomba ruhusa kazini. Wakakutana bustanini, wote wawili macho. Mawingu yakaanza kufifia, wingu moja baada ya jingine.

"Dada, unalia?"

"Nilie nini? Wewe hata ulichokisema juu ya kukoroma kwangu ninacho nyumbani, nimekihifadhi pahali pawili."

Maua yakanyamaza. Mama Pindo akaitazama simu yake.

"Haya, fungeni," akasema. "Sisi tumeshahama."